Daftari la nesi, sehemu ya 9: Siku cheni ilipokatika

Mama zangu, na nyinyi wadogo zangu mliojiunga juzi na mimba zenu za kwanza, niliahidi leo tuongee uji wa mtoto wa miezi sita. Utasubiri. Kuna jambo la Julai nilikuwa sijaliandika kwa sababu nasubiri ruhusa ya mwenyewe. Amenipa, mradi nisimtaje jina.

Wengi mnajua mimi natembea kwa baiskeli. Ile Phoenix nyeusi niliinunua Omurushaka nikiwa bado naishi Karagwe, nikahamia nayo huku Kyerwa. Siku za mkoba nafunga kasha la chanjo kwenye keria kwa mpira wa tyubu, naondoka. Kwa wageni: mkoba ni siku ile sisi tunawafuata kitongojini badala ya nyinyi kutufuata zahanati. Kituo chetu ni chini ya mparachichi, muda ni saa tatu asubuhi.

Sasa kosa langu niliseme mapema. Cheni ilikuwa inaruka wiki nzima. Nikipanda kilima inalia ka-ka-ka, pedali inateleza kidogo halafu inashika. Mvua za masika zilikuwa zimeiachia kutu, na mimi badala ya kupeleka kwa fundi nikaipaka mafuta ya kupikia. Msinicheke. Nikajiambia mwisho wa mwezi nitabadilisha.

Saa mbili na nusu, katikati ya mlima, nimesimama juu ya pedali nasukuma kwa uzito wote, nikasikia pwaa! Mguu ukashuka bila kukuta kitu, ugoko ukapigwa na pedali, kidogo niende chini na kasha langu. Kuangalia nyuma, cheni imelala kwenye vumbi kama nyoka aliyegongwa na gari.

Chanjo hazikunitia hofu. Kasha likifungwa vizuri na barafu zake linatunza baridi saa nyingi. Chupa ya surua na rubela ndiyo yenye masharti: ukishaichanganya, saa sita zikipita unamwaga, kwa hiyo huwa siifungui mpaka mtoto yuko mbele yangu. Hofu yangu ilikuwa nyinyi. Julai ni kahawa. Mama ameanika kahawa uani, ameacha mtoto mkubwa afukuze mbuzi, atanisubiri mpaka lini?

Nikachomoa waya kwenye uzio wa mtu (mwenye shamba, nisamehe) nikafunga ile sehemu iliyokatika. Nusu mzunguko tu, waya ukanasa kwenye meno, ukakatika. Mikono oili mpaka kiwiko, gauni jeupe sasa ni la fundi gereji. Nikaanza kukokota. Baiskeli isiyo na cheni bado ni gurudumu mbili na breki: mteremko unakaa unashuka taratibu, mlima unasukuma. Shida ni kwamba mbele yangu kulikuwa na mlima tu.

Ndipo akaja kijana mmoja anakokota mikungu mitatu ya ndizi kwenda sokoni. "Shikamoo dokta." Huku kila aliyevaa nyeupe ni dokta, nimeshazoea. Akaegesha, akaiangalia cheni, akaniuliza kwa heshima kama huwa naitia oili. Nikajibu huwa natia. Sikusema ya aina gani.

Alikuwa na kopo dogo chini ya kiti, ndani misumari, nati, vipande vya tyubu, na kiungo kimoja cha akiba chenye klipu. Akaweka cheni juu ya jiwe, nati chini yake, akagonga pini za kile kiungo kilichovunjika kwa msumari mpaka zikatoka. Akaingiza kipya mahali pake. Klipu akaigeuza ule upande uliofungwa utangulie mbele cheni inavyokwenda, akanieleza ukiuweka kinyume inaweza kuchomoka njiani. Kwa nusu saa ile mwalimu alikuwa yeye.

Akiwa anagonga, bila kuinua macho, akaniuliza: "Dokta, humo kwenye boksi hakuna Panadol? Mama watoto kichwa hakimwachi, siku ya tatu leo."

Ningekuwa juu ya baiskeli napita, ningesema "hakuna, njoo zahanati", nikaenda zangu. Kwa kweli ndivyo ningefanya. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, sina pa kwenda, nikauliza: ana mimba? Ana. Ya miezi mingapi? Minane. Amevimba? "Miguu, na siku hizi hata uso. Mama yangu anasema ni mtoto wa kiume."

Simu yake haikuwa na salio, tukatumia yangu. Nikamwuliza mke mambo matatu tu. Kichwa kinaumaje? Kinagonga, akilala hakipoi. Juu ya tumbo, chini ya mbavu, kuna maumivu? Kidogo. Anaona vizuri? Akanyamaza. Halafu: "Jana nimeinama kuchota maji nikaona kama vimulimuli. Nikadhani ni njaa."

Mama zangu, hiyo siyo njaa. Mimba ikishapita miezi mitano, kichwa kinachogonga bila kuacha, kuona vimulimuli au giza, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu: kwetu hizo ni habari za presha ya mimba, na presha ikiachwa inakuwa kifafa cha mimba. Panadol inaweza kukupunguzia kichwa na presha ikabaki palepale inapanda. Haijali mtoto ni wa kiume au wa kike. Na inaweza kukukuta hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki sita, wakati wote nyumbani wanamwangalia mtoto.

Nikamwambia asisubiri mume arudi sokoni. Jirani yao ana pikipiki. Nikampigia mwenzangu zahanati aandae kipimo. Kijana akamaliza klipu, akaiacha mikungu kwenye nyumba ya kwanza, akageuza baiskeli. Hela alikataa. Nilivyomwona anashuka ule mlima nikasali breki zake ziwe nzima kuliko cheni yangu.

Presha ilikuwa 170 kwa 110. Wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakapiga 115, ile namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama, akapelekwa hospitali. Akajifungua kesho yake. Mtoto kilo 2.1, kadogo, lakini kanalia. Iandikeni 115 mahali ambapo hata shemeji yako ataiona, siyo ndani ya simu yako iliyofungwa kwa namba ya siri.

Mimi nilifika mparachichini saa tano kasoro. Kina mama tisa walikuwa wameshaondoka, na sikuwa na la kujitetea. Mzee mmoja akaniambia "nyegera waitu, tulidhani serikali imelala". Saba kati ya hao nimewachanja baadaye. Wawili bado, wote wana watoto waliotimiza miezi tisa, umri wa surua ya kwanza. Nawafahamu kwa kadi, sikuwakuta nyumbani mara mbili. Kama ni wewe, au unamjua: usiogope kwamba umechelewa. Hakuna atakayekugombeza, na chanjo alizopata mtoto hazianzi upya, tunaendelea pale tulipoishia.

Wiki iliyopita yule mama alikuja mkoba na mtoto wake wa wiki sita, amefungwa kwenye shuka la kijani. Tukampa matone, tukampa sindano, akalia kijiji kizima kikasikia. Mume alibaki kwenye baiskeli yangu. Nilipotoka amechuchumaa anaizungusha pedali kwa mkono, anasikiliza.

"Dokta, hii umeiacha kavu tena."

Jumanne niko mparachichini, saa tatu. Nikichelewa, nisubirini kidogo.