Kila Alhamisi, Hata Mawese Yasipokuwepo

Nilipokuwa kijana, mawese ya Rumonge yaliuzwa kwa barua. Sizungumzii barua za posta, zenye stempu na sanduku. Hizo zilikuwa za serikali na za mapadri. Barua ya biashara ilikuwa karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule, ikakunjwa mara nne, ikaandikwa juu "Kwa mkono wa dereva" na kutiwa mfukoni mwa mtu anayeondoka alfajiri. Gari lilipita Minago, Magara, Gitaza na Kabezi, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kushoto muda wote, na kabla ya adhuhuri karatasi ilikuwa imefika Buyenzi, mjini Bujumbura. Ni kama kilomita 75 tu. Jibu lilirudi jioni, na mara nyingi lilirudi na pesa.

Mwandishi nilikuwa mimi. Baba mkubwa alinunua mafuta kwa wakamuaji, akayapeleka mjini kwa mabidoni ya lita 20, na pembeni akauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaushwa. Kuandika alijua, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni, na watoto wa wateja wake wa Buyenzi walikuwa wamesoma shule za Kifaransa. Basi baada ya magharibi niliitwa, nikakaa karibu na taa, yeye akasema nami nikaandika.

Salamu zilichukua nusu ya karatasi. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Mtoto aliyekuwa na homa ameamkaje. Msiba ule tulisikia, tunawapa pole. Mimi niliona huku ni kupoteza wino. Nilitaka tufike haraka kwenye bei, na siku moja nilimuuliza:

"Baba mkubwa, si tuandike kwamba mafuta yetu ni bora kuliko yote ya Rumonge?"

"Wewe umeyaonja yote?"

Tukaandika kwamba yamekamuliwa juzi.

Jambo ambalo sikulithamini wakati ule ni kwamba hakuna barua iliyofanana na nyingine. Mama aliyekaanga maandazi aliambiwa kwamba mafuta yametulia na mashapo yamebaki chini ya pipa, kwa sababu mama huyo alichukia povu kwenye karai. Mtengeneza sabuni aliambiwa kwamba kuna mabidoni yaliyochacha na bei yake iko chini; mafuta yaliyochacha hayaingii jikoni lakini sabuni haijali. Mwenye mgahawa aliambiwa ndagala za wiki hii zimeanikwa mchangani, kwa hiyo azioshe vizuri, au angoje nyingine. Ndiyo, muuzaji alimwambia mnunuzi angoje. Leo programu za barua pepe zina kitufe cha kugawa wateja kwa makundi, na wanaotuuzia kitufe hicho wanakieleza kana kwamba kimeteremka kutoka mbinguni.

Na kulikuwa na majuma ambayo hatukuandika kabisa. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hukusanyika chini ya mwanga, wavu unapanda. Mwezi ukiwa mpevu, taa inakosa nguvu, ziwa zima ni jeupe, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Siku hizo baba mkubwa hakuniita. Mteja wa Buyenzi naye alitazama juu akaona mwezi, akajua kwa nini barua haijaja. Kunyamaza kwetu kulisomeka vizuri kama maandishi.

Mteja aliyetuchoka alikuwa na njia yake. Alimwambia dereva: "Mwambie mzee nimempata mwingine, lakini namsalimia." Baba mkubwa alipiga mstari juu ya jina lake daftarini na kesho yake akamtumia salamu bila bei. Wengine walirudi kwa sababu ya salamu hiyo.

Sitaki mtu afikiri nazililia barua hizo tu. Zilipotea. Dereva alizisahau kwenye suruali iliyokwenda kufuliwa. Watu wa ziwa hili wana historia ndefu ya barua zinazochelewa: Stanley alipomkuta Livingstone kule Ujiji mwaka 1871, alimkabidhi mfuko wa barua uliokuwa umeandikwa Novemba 1870. Mwaka ulikuwa umepita. Muda mfupi baadaye wawili hao walipanda mtumbwi wakaja upande wetu, na jiwe la ukumbusho wao la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, bado lipo kwa wanaotaka kupiga picha.

Kisha ikaja vita ya 1993, na barabara ya kando ya ziwa ikawa ya kuviziwa. Dereva aliyekuwa akibeba karatasi kumi alikataa hata moja. Mwaka 1996 majirani wakatuwekea vikwazo vya biashara, na daftari la baba mkubwa likajaa mistari juu ya majina. Si kwa sababu wateja walikuwa wamempata mwingine. Hapo ndipo barua zilipokufa kweli. Simu za mkononi zilipozagaa hazikuua kitu, zilikuta mahali patupu.

Simu ilikuwa raha, nisiwe mnafiki. Baba mkubwa alipiga, akasema bei, akakata kabla vocha haijaisha, salamu zikawa "vipi, wazima?" na basi. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na pamoja na vitambaa na mchele yaliteketea madaftari: nani anadaiwa, nani hununua nini, nani haletewi bidoni bila kulipa kwanza. Aliyekuwa na namba kwenye simu yake alianza upya pale soko la Ruvumera. Aliyetegemea karatasi alianza na kumbukumbu. Miaka miwili baadaye kampuni ya simu ya Lumitel ikaingia na intaneti ya bei nafuu, WhatsApp ikashuka hadi gatini, na mwanamke wa Rumonge anayeanika ndagala akaweza kuwatumia wateja wake wote ujumbe mmoja kwa mara moja. WhatsApp iliweka masharti mawili ambayo mimi nayapenda: orodha moja ya matangazo haizidi watu 256, na ujumbe haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Yaani mteja lazima naye akutambue. Baba mkubwa angelikubali sharti hilo.

Barua pepe haina haya hiyo, nami siku hizi ndiyo kazi yangu. Naandikia duka moja la Bujumbura linalouza mawese, sabuni na ndagala za Rumonge kwa Warundi walio nje: mtoto yuko Brussels au Ottawa, analipa huko, mama yake anapokea bidoni huku. Ni huduma nzuri. Lakini mwenye duka amejifunza mahali fulani kwamba orodha isiyolishwa hufa, kwa hiyo barua hutoka kila Alhamisi saa nne asubuhi, mawese yakiwepo au yasipokuwepo, mwezi ukiwa mpevu au mwembamba. Wiki ambazo petroli haipatikani na malori yamelala Rumonge, naandika "Ladha ya nyumbani inakusubiri". Inasubiri kweli, kwenye kituo cha mafuta.

Kazi hii nayo ina babu yake. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo. Wengi walikasirika, alikaripiwa, na baadaye alijisifu kwamba tangazo hilo liliuza mashine za mamilioni ya dola. Tangu siku hiyo kila mwenye duka anakumbuka mamilioni na kusahau hasira.

Orodha yetu ina kichekesho chake. Fomu iliwauliza watu mkoa wanaotoka, na wana wa Rumonge wamejibu kwa miaka waliyojiandikisha: wa kwanza wameandika Bururi, waliofuata wameandika Rumonge, kwa sababu mwaka 2015 tulifanywa mkoa, na wa karibuni wanaandika Burunga, tangu mikoa ilipopunguzwa ikawa 5 mwaka 2025. Kompyuta inaona mikoa mitatu. Mimi naona watu wa mtaa mmoja, pengine wa nyumba moja.

Kompyuta hiyohiyo huanza kila barua kwa "Habari" na jina tupu. Mama wa miaka sabini, ambaye hapa pwani hakuna kijana atakayethubutu kumwita kwa jina alilopewa kanisani, anaamkiwa na mashine kama mwanafunzi mwenzake. Nimeshauri tuandike "Mama" na "Mzee" kwa wanaostahili. Nikaambiwa fomu haina nafasi hiyo.

Nikiulizwa ni nini huvutia wasomaji, jibu langu halijabadilika tangu enzi za taa: habari. Kichwa cha barua kinachosema "Bei ya bidoni imeshuka tangu jana" husomwa. Kinachopiga kelele za ofa kabambe na alama tatu za mshangao hupitwa. Kinachosema ndagala hizi zimekaushwa juu ya vichanja vya waya, kama vile FAO ilivyosaidia kueneza mwambaoni, wala hazina mchanga, kinamgusa kila aliyewahi kutafuna mchanga akiwa mtoto. Picha tano kubwa zinakula megabaiti za mtu aliyenunua intaneti ya siku moja. Maneno machache yanafunguka hata mtandao ukisuasua.

Barua ninayoionea fahari ilihusu kufungwa kwa ziwa. Nchi nne za Tanganyika zimekubaliana uvuvi usimame miezi 3 kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapumue. Kabla ya tarehe hiyo tuliwaandikia wateja kwa sentensi chache: ziwa linafungwa, zilizopo ni hizi, atakaye aagize sasa, na baada ya hapo hatutaandika habari za ndagala mpaka lifunguliwe. Majibu yalikuja mengi, mengine hayakuagiza chochote, yalituma salamu. Mwenye duka alifurahi, na Alhamisi iliyofuata akataka nyingine kama hiyo. Nilimweleza kwamba ziwa halifungwi kila wiki.

Zamani nilijua nani anasoma. Sasa mashine inanipa hesabu ya waliofungua, na hata hesabu hiyo imepinda, kwa sababu tangu mwaka 2021 simu za Apple zinaweza kupakua barua zenyewe kana kwamba mwenyewe amezifungua. Nafuu ya kweli imeletwa na Gmail na Yahoo: tangu mwaka 2024 wanaotuma matangazo kwa maelfu wanalazimika kumwezesha mpokeaji kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Sisi hatujafika maelfu hayo, lakini nimesisitiza kiungo hicho tukiweke, na mwenye duka amekubali kwa sharti kwamba kiwe chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Basi msomaji, ikiwa barua zetu zinakufikia na umezichoka, teremka hadi mwisho, chini ya anwani ya duka, ubonyeze bila kuona haya. Ukipenda kutuma salamu, jibu barua yenyewe. Anayesoma majibu bado ni mimi.