Maskati Ilipokuwa Safari ya Upepo

Bandari ya Malindi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya hamsini, uliinusa kabla hujaiona. Shuka nami kichochoroni kuelekea Funguni. Kwanza tunapokewa na harufu ya papa mkavu, kisha sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za vyombo, na nyuma yake utamu mzito wa tende ndani ya makanda. Kaskazi imekaza, na majahazi ya Manga, pande za Arabuni, yameingia.

Bibi yangu alikuwa na kaka yake Maskati. Nikimuuliza, "Bibi, Maskati ni mbali?" hujibu huku akichambua mchele, "Upepo ukikubali, mwanangu, si mbali." Tangu Desemba alikuwa akifungua dirisha la juu alfajiri, akitazama makuti ya minazi yanalalia wapi. Posta ilikuwepo, na meli za moshi pia, lakini yeye alimwamini nahodha. Nahodha alikaa barazani, akanywa kahawa chungu, akatoa ndani ya kanzu barua ya herufi za Kiarabu na kifurushi cha ubani. Ndipo zinapoanza habari: nani kaoa, nani kafariki, nani kazaa. Mara nyingine mtoto aliyetajwa kuwa mchanga alikuwa ameshaota meno.

Chombo kilichokuja moja kwa moja kilichukua wiki tatu au nne. Kilichotia nanga Makalla, Mukdishu na Lamu kilikawia zaidi, na hakuna aliyenung'unika. Sisi watoto tulishinda Funguni maji yakitoka, tukitazama mabaharia wakikalafati kwa pamba, nyundo zikigonga ko, ko, ko, kisha wakisugua deheni ya chokaa na shahamu chini ya mkuku. Mikono yao ilinuka mafuta hata wakitugawia tende. Baadaye zinapakiwa boriti, kisha zinafika tanga mbili, siku ambazo upepo hauna mwenyewe. Kusi ikianza, foromali inapandishwa kwa wimbo na ngoma, na Bibi anatuma nazi na karafuu kwa kaka yake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 vyombo vilipungua mwaka hadi mwaka.

Nilipokwenda Maskati mwenyewe, Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ni kama kilomita 3,900, na ndege huzimaliza kwa saa tano na nusu hivi. Ukifika, unasogeza saa yako mbele kwa saa moja tu. Mlangoni kwa jamaa nilipokewa kwa Kiswahili cha Unguja, cha Malindi hasa, na udi ukifuka. Wazee wakanikalisha, wakaniuliza habari za njiani kama walivyozoea kumuuliza mgeni wa jahazi. Sikuwa nazo. Nilikula, nikasinzia, nikafika.

Sisemi safari ya zamani ilikuwa bora. Bahari ile ilimeza watu, na maji ya kunywa yalipimwa kwa kata. Lakini aliyeshuka chomboni alikuwa na mwezi mzima wa kusimulia, na jamaa walikuwa na jioni za kumsikiliza.

Waliosafiri kwa jahazi wamebaki wachache, Unguja, Lamu, Suri na Maskati. Ukimjua mmoja, nenda ukakae naye. Muulize walipika nini njiani, na nani alishika usukani usiku.