Anayeulizwa na Anayeamua

Kila mwaka, katika wiki za mwanzo za muhula, huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali moja la kujibu kwa maandishi: nani kiongozi wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania? Karibu nusu ya darasa huandika kuwa ni Waziri Mkuu. Siwashangai. Wamekua wakimwona Bungeni akijibu kwa niaba ya Serikali, wamemwona wilayani akikagua miradi ya maji na kuwahoji wakurugenzi, na jina lenyewe la cheo linabeba neno "mkuu". Hata hivyo, jibu hilo si sahihi. Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Mavazi yote matatu amevaa mtu mmoja.

Waziri Mkuu basi ni nani? Ibara ya 52 inampa udhibiti, usimamizi na utekelezaji wa shughuli za Serikali za siku hata siku, na inamfanya kuwa kiongozi wa shughuli hizo Bungeni. Ukiishia hapo utadhani umemkuta mtawala. Endelea kusoma. Ibara hiyohiyo inamtaka atekeleze, au ahakikishe linatekelezwa, jambo lolote ambalo Rais ataagiza. Ibara ya 53 inasema anawajibika kwa Rais. Vikao vya Baraza la Mawaziri huongozwa na Rais. Akikosekana, Makamu wa Rais. Naye akikosekana ndipo zamu humfikia Waziri Mkuu. Mawaziri anaowasimamia huteuliwa na Rais, na yeye hushauriwa tu. Kwa hiyo anaongoza kikosi ambacho hakukichagua, na hawezi kumwondoa hata mmoja wao.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu kwa maana kamili ya neno hilo: Serikali yake ilisimama kwa imani ya Bunge, na Bunge lingeweza kuiangusha. Alijiuzulu Januari 1962 ili akijenge chama, akamwachia kiti Rashidi Kawawa. Jamhuri ilipotangazwa Desemba 9, 1962, madaraka yalihamia kwa Rais na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kilirudi mwaka 1972, tena kwa Kawawa, lakini kilichorudi kilikuwa jina. Nguvu za mwaka 1961 zilibaki Ikulu.

Wapo watakaonikumbusha Edward Sokoine. Ni kweli, mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi ilimfanya Waziri Mkuu atajwe hadi vijijini, na msiba wake wa Aprili 12, 1984 ulililiwa na nchi nzima. Lakini Katiba haikuwa imempa Sokoine madaraka ambayo wenzake hawakuwa nayo. Alikuwa na imani ya Rais aliyemwachia nafasi ya kutenda. Ofisi hii hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya kamba anayopewa anayeishika. Madaraka ya kuazima yana ukomo mmoja usioandikwa popote: mwenye mali anaweza kuyadai wakati wowote.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, tatizo liko wapi? Nchi nyingi zina Rais mtendaji na mambo yanakwenda. Tatizo ninaloliona mimi liko kwenye uwajibikaji. Mwaka 1992, wakati mfumo wa vyama vingi ukirejeshwa, Katiba iliongezewa Ibara ya 53A, inayolipa Bunge uwezo wa kupiga kura ya kutokuwa na imani kwa Waziri Mkuu. Taarifa ya hoja lazima isainiwe na angalau asilimia 20 ya wabunge wote, impelekee Spika siku 14 kabla, na hoja hupita ikiungwa mkono na wabunge walio wengi. Kumwondoa Rais kunahitaji mashtaka, kamati maalumu ya uchunguzi na theluthi mbili ya wabunge wote. Maswali ya papo kwa papo ya siku ya Alhamisi humkabili Waziri Mkuu. Rais huingia Bungeni kuhutubia, naye haulizwi. Tumeweka mlango wa uwajibikaji kwenye nyumba ambayo maamuzi hayalali.

Februari 7, 2008 mlango huo ulifunguka. Baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, hayati Edward Lowassa alijiuzulu, na kwa kuwa Waziri Mkuu akiondoka mawaziri huondoka naye, Baraza zima likavunjika. Nakumbuka wanafunzi wakishangilia kwenye vibaraza vya chuo, na mimi nilifurahi pamoja nao, kwa sababu Bunge lilikuwa limeonyesha meno. Miaka saba baadaye, alipohamia upinzani, Lowassa alidai hadharani kuwa katika suala lile alifuata maelekezo ya ngazi za juu. Ukweli au uongo wa dai hilo si hoja yangu hapa. Hoja yangu ni kwamba mfumo wetu haukuwa na mahali ambapo dai hilo lingepimwa, kwa maana ngazi inayotajwa haina kiti cha kuulizwa.

Mwaka 2012 tulirudia somo hilohilo kwa sura nyingine. Wabunge, wakichochewa na Zitto Kabwe, walikusanya saini za hoja dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ingawa hasira yao ilielekezwa kwa mawaziri waliotajwa kwenye ripoti za ubadhirifu. Ililazimu kumlenga asiyeweza kuwafukuza ili kuwafikia waliotakiwa kufukuzwa. Hoja haikuwahi kufika mezani. Mwezi Mei Rais akapanga upya Baraza la Mawaziri, na kadhaa wakaachwa.

Uwajibikaji usioweza kupanda juu huporomoka kwenda chini. Hili nawaambia hasa ninyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu. Rafiki yangu mmoja, mhandisi wa halmashauri, alisimamishwa kazi jukwaani, kipaza sauti kikiwa mkononi mwa kiongozi wa kitaifa aliyekuwa ziarani. Mradi ulikuwa umekwama kweli. Fedha zake, hata hivyo, zilikuwa hazijatoka hazina, na barua za kuzikumbushia alikuwa nazo kwenye jalada. Hakuna aliyeomba jalada. Umati ulipiga makofi, mkewe akapata habari redioni. Baada ya miezi minane alirudishwa kazini kwa barua ya mistari mitatu, makofi hayakurudishwa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 inataka mtumishi aelezwe tuhuma zake na apewe nafasi ya kujitetea. Kiongozi asiye na uwezo wa kumwajibisha waziri atatafuta wa kumwajibisha kwingine, na mhandisi wa wilaya yuko karibu.

Nini kifanyike? Nchi haihitaji kurudi mwaka 1961. Yapo mambo matatu madogo ambayo katiba mpya inaweza kuyabeba. Kwanza, agizo la Rais kwa Waziri Mkuu liwe la maandishi, na lile lisilogusa usalama wa taifa liwekwe mezani Bungeni, ili ijulikane nani aliamua nini. Pili, waziri mmoja mmoja aweze kupigiwa kura ya kutokuwa na imani bila kuangusha Serikali nzima. Tatu, anayebeba cheo cha Kiongozi wa Serikali afike Bungeni kuulizwa maswali, walau mara moja katika kila mkutano wa Bunge.

Mchakato wa katiba ulisimama pale kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ilipoahirishwa, na hadi leo haijafanyika. Utakapofufuka, mjadala utavutwa tena kwenye idadi ya serikali na majina ya vyeo. Wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wenzangu, hayo yajadiliwe, lakini kwa kila cheo kitakachopendekezwa tuulize swali jingine kabla ya kuuliza anaitwa nani: akikosea, nani ana haki ya kumuuliza, na je, huyo anayeulizwa ndiye aliyeamua?