Kuhama Simu

Kuhama nyumba ni taabu inayojulikana. Mhamaji huhesabu vyombo vyake, hufunga alivyoweza kufunga, na vinavyosalia humwachia jirani. Kuhama simu hudhaniwa kuwa jambo jepesi, maana mzigo wake hauonekani wala haupimwi kwa ratili. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Dar es Salaam, alidhani hivyo pia mpaka mwaka 2023 ulipomfunza vingine.

Simu yake ilikuwa ya mfumo wa Android, kuukuu, yenye ufa kiooni, na mtengenezaji wake alikwisha acha kuipelekea marekebisho ya usalama. Binti yake aliyeolewa Maskati alimletea iPhone kwa mkono wa msafiri. Wala hakuileta tupu. Aliiwasha, akaitengeneza, akakuza maandishi kwa ajili ya macho ya baba yake, akatia na picha za wajukuu. Asemaye kuwa simu ni chombo tu cha kununua na kuuza hajapata kupewa moja na mwanawe.

Mashindano ya mifumo hii miwili si ya jana. iPhone ilitangazwa Januari 2007 ikauzwa Juni ya mwaka huo. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Tangu hapo kila upande una wapenzi wake, wabishanao kama mashabiki wa mpira, na ubishi wao hauna haja ya kurudiwa hapa. Mwalimu hakushughulishwa na uzuri wa kamera. Fedha zake za simu hazikumtia shaka, kwa kuwa huduma hizo hufuata laini, si mfumo.

Kilichomshika ni sauti. Kwa miaka 6 alikuwa akikusanya maneno ya ubaharia kwa wazee wa pwani ya Tanga, nao, kwa kuwa kuandika kuliwachosha, walimjibu kwa ujumbe wa sauti katika WhatsApp. Mle mlikuwa na mlingoti na foromali, mrengu na usukani. Alikuwamo nahodha mmoja aliyecheka kwanza, ndipo akaeleza kwamba demani ni kamba ya tanga, na demani ni majira vilevile, na kwamba mtu wa bara akiyachanganya haya mawili hapana haja ya kumkemea. Nahodha huyo alifariki mwaka 2021.

Akiba ya WhatsApp ya Android huwekwa Google, na ya iPhone huwekwa iCloud, wala mfumo mmoja hausomi akiba ya mwenzake. Kwa miaka mingi aliyehama aliyaacha mazungumzo yake nyuma. Yamkini hilo halikuwaudhi sana wenye mifumo. Mlango mgumu wa kutokea ni faida kwa mwenye nyumba. Mwaka 2022 njia ilifunguliwa kwa programu iitwayo Move to iOS, walakini kwa masharti: namba iwe ileile, na iPhone iwe mpya kabisa, au ifutwe yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Basi kazi ya upendo aliyoifanya binti ndiyo iliyokuwa kizuizi.

Wapo waliomshauri anakili mafaili ya sauti tu, aepuke maneno mengi. Alijaribu. Aliyakuta yote, yamepangwa kwa tarehe na namba, bila jina la msemaji. Ndani ya mazungumzo kila sauti ilikuwa na mwenyewe. Nje yake zilikuwa sauti za wazee fulani wa mahali fulani. Aliketi usiku mmoja na daftari akijaribu kuzitambua, na baada ya saa tatu alikuwa amepata majina 14, na katika hayo mawili hakuwa na hakika nayo.

Simu mpya ilikaa mezani siku 9. Siku ya kumi binti alipiga.

“Shikamoo, baba. Umeshaizoea simu?”

“Marahaba, mwanangu. Bado. Nataka kuifuta kwanza.”

Kukawa kimya. Mwalimu akaeleza habari za akiba, na masharti, na daftari, akihisi kila neno linazidi kumwonyesha kuwa mtu asiye na shukrani. Alipofika kwa nahodha, binti alimkatiza.

“Yule aliyekuwa akituletea papa mkavu?”

“Ndiye.”

“Ifute, baba. Picha nitazituma tena. Lakini ile ya zamani usimpe mtu mpaka uhakikishe.”

Usiku ule simu mbili zilichajiwa pamoja juu ya meza moja. Orodha ya waliompigia haikuhama, mazungumzo yalihama. Kulipokucha mwalimu alifungua ya nahodha kabla ya mengine yote. Cheko lilikuwapo. Maandishi yalikuwa yamerudi kuwa madogo, akaazima miwani ya mkewe ili aone jina lililoandikwa juu yake.