Mashine ya Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mashine ya pili imeingiwa na virusi tena, mara ya tatu tangu Krismasi. Fundi amekuja na flashi yake ile ile yenye programu zilizochakachuliwa. Nimempa nauli, nikamwambia leo aache. Ripoti mbili za fildi za wanachuo zimefia humu dukani, na mmoja wao alilia mbele yangu. Kuanzia leo mashine hii itatumia Debian 12. Bando limeisha katikati ya kupakua, nikaongeza la usiku. Saa sita imewaka, safi.

Jumatano, 5 Machi

RAM ni giga 2 tu, kwa hiyo nimeanza na programu nyepesi. AbiWord inafunguka kabla sijavuta kiti. Barua ya kawaida inaiweza, lakini fomu ya mkopo yenye majedwali imeivuruga vibaya: safu zimepandana, jina la mwombaji limehamia kwenye kisanduku cha kijiji. Kwa steshenari, hiyo haifai. Gnumeric nimeibakiza kwa mahesabu ya duka, ni nyepesi na hesabu zake zimetoka sawa. Kazi za wateja nimezihamishia LibreOffice. Asubuhi inachelewa kuamka, kisha inatulia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Asubuhi nilichapa ripoti ya kurasa 42, ikatoka 42, kila kichwa cha habari mahali pake. Mchana akaja dada mmoja na wasifu wake wa kuombea kazi, kurasa mbili. Kwenye skrini yangu zikawa tatu, na ukurasa wa tatu una wadhamini peke yao, wameachana na kichwa chao. Akasema, "Kaka, hii siyo niliyoiandika." Nikamrudishia pesa. Saa kumi alikuwa na miadi mjini, ikabidi akimbilie duka jingine.

Kinachoniumiza: kwa nini ripoti ndefu ipone, wasifu mfupi uharibike?

Jumapili, 9 Machi

Nimepata. Ni fonti, si programu.

Vyuo vyetu hudai Times New Roman, na Debian yangu ilikuja na Liberation Serif, iliyochorwa ili kila herufi iwe na upana ule ule wa Times. Mstari unakatika palepale. Wasifu wa yule dada ulikuwa kwa Calibri, fonti ambayo Microsoft Office ilianza kuitumia kama ya kawaida tangu toleo la 2007. Mimi sina Calibri. LibreOffice ikaweka DejaVu Sans, na DejaVu ni pana. Neno moja likasukumwa mstari wa chini, aya ikarefuka, ukurasa ukajaa, wadhamini wakamwagika.

Dawa inaitwa Carlito. Ni fonti huria yenye vipimo vya Calibri. Cambria nayo ina mwenzake, Caladea. Nimeziweka zote mbili kwa amri moja, nikatengeneza wasifu wangu mwenyewe kwa Calibri kwenye mashine ya kwanza, nikauleta huku. Kurasa mbili, na mistari imekatika kwenye maneno yale yale. Nimekagua kwa rula, karatasi juu ya karatasi, nikishikilia kwenye taa.

Wanaosema programu huria "zinaharibu faili" wangeanza kuangalia hapa.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu mstaafu ameleta hotuba ya harusi. Nimewasha kikagua tahajia cha Kiswahili. Vitenzi vyenye viambishi vingi bado kinavipigia mstari mwekundu hata vikiwa sahihi, lakini kimekamata "kushelehekea" ambayo mimi na yeye tulishaipita mara mbili. Akaniuliza tangu lini kompyuta inajua Kiswahili. Nikamwambia mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, menyu zake zote kwa Kiswahili. OpenOffice ndiyo mama wa LibreOffice: mwaka 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun, sehemu kubwa ya waandishi wake walijitenga wakaanzisha The Document Foundation. Kazi ile ya Dar ilistahili kuendelezwa kwa bidii zaidi. Tulikuwa tumeanza mapema.

Alhamisi, 13 Machi

Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo amekuja na kitabu cha hesabu chenye vitufe vya makro. Kimefunguka, tarakimu zote zipo, lakini vitufe viwili havikufanya kazi. Sikumdanganya. Nimemhamishia mashine ya kwanza, akamaliza.

Basi uamuzi ni huu. Barua, wasifu, ripoti na mitihani vitakaa mashine ya pili, na kila flashi itapita hapo kwanza. Mashine ya kwanza itabaki kwa wateja wa makro, ila kwa leseni halali. Leseni moja naweza kuiwekea akiba hadi Juni. Mbili nisingeweza.