Kompyuta Nayo Ina Mpini: Pima Kabla Hujaumia

Umezoea kunisoma nikieleza nafasi za kupanda mahindi na namna ya kudhibiti viwavijeshi. Leo naomba nizungumzie mikono yangu, kwa sababu iliniangusha mbele ya watu. Najua wengi wenu ni maafisa ugani, watendaji, walimu na makatibu wa AMCOS, ambao siku hizi mnashika kompyuta kuliko jembe.

Nilipomaliza stashahada nilijua kazi ya bwana shamba ni buti na pikipiki. Tangu mwaka 2022, wakulima walipoanza kusajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, nusu ya kazi yangu imekuwa kuandika: majina, ukubwa wa mashamba, taarifa za mwezi, taarifa za robo mwaka. Meza ya ofisini tunaitumia kwa zamu, kwa hiyo nyingi nilikuwa naziandika nyumbani, nimekaa kitandani, kompyuta mapajani, mpaka saa sita usiku.

Dalili zilikuja polepole. Nilikuwa naamka usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, naukung'uta, nalala tena. Nilidhani nimeulalia. Shingo ikaanza kukaza. Nikanunua dawa za maumivu dukani nikaendelea na taarifa.

Kisha ikaja siku ya mafunzo ya kubebesha miche ya maembe. Wakulima wamezunguka kitalu, nachonga kikonyo, kisu kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka tena. Kidole gumba na cha shahada havikuwa vinahisi kitu. Mama mmoja akacheka akidhani natania. Mimi moyo ulinidunda. Bila vidole, ningewafundisha nini?

Mzee mmoja aliyewahi kunikuta barazani nimejikunja juu ya kompyuta akakichukua kisu, akamalizia mche. Wenzake walipotawanyika akaniambia, "Bwana shamba, si wewe uliyetufundisha kupima mpini wa jembe kwa urefu wa mtu? Hiyo mashine yako umeipima?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaenda kituo cha afya. Tabibu akaniuliza kama kidole kidogo nacho kinakufa ganzi. Hapana, nikamwambia. Akanieleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono, unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kifundo kikikaa kimekunjwa muda mrefu, mshipa ule unabanwa. Kidole kidogo kina mshipa mwingine. Akanipa kifaa cha kuvaa usiku ili kifundo kisikunjike nikilala, akaniambia nibadili ukaaji. Nilichofanya ni hiki.

1. Niliacha kuipakata. Tunaiita kompyuta mpakato, na jina lenyewe linatudanganya. Kinachopakatwa ni mtoto. Ikiwa mapajani, unainamisha shingo na kukunja vifundo kwa wakati mmoja. Tena juu ya godoro matundu yake ya hewa yanazibwa, inapata joto.

2. Nilitenganisha kioo na kibodi. Hapa ndipo penye kasoro ya kompyuta hizi: kioo na vitufe vimeungana. Ukiiweka chini mikono itulie, shingo inaumia. Ukiiinua kwa ajili ya shingo, mikono inaning'inia. Nilinunua kibodi ya kawaida ya kuchomeka, na kipanya. Kompyuta nikaiinua juu ya rimu tatu za karatasi, ukingo wa juu wa kioo ukawa usawa wa macho yangu, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kama huna rimu, matofali yanatosha, mradi hayatikisiki na hayazibi matundu.

3. Nilipima kiti. Viwiko vikae karibu na mbavu, vimekunjwa kama pembe ya daftari, na vifundo vinyooke bila kuegemea ncha kali ya meza. Kiti changu ni cha plastiki na kilikuwa kifupi, nikaongeza mto. Miguu ikabaki inaelea, nikaweka tofali chini. Khanga iliyokunjwa inakaa nyuma ya kiuno.

4. Napumzika kabla sijachoka. Kila dakika 20 natazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Kwangu ni mwarobaini wa jirani. Kila nusu saa nasimama. Ukaaji mzuri usiobadilika nao unachosha.

5. Naandika kwa vidole vyepesi. Nilikuwa napiga vitufe kama napigilia misumari. Maandishi nayo nimeyakuza, nisilazimike kusogeza kichwa mbele. Dirisha liko ubavuni, mwanga usinipige machoni wala kung'aa kwenye kioo.

Sitakudanganya kwamba nilipona kwa wiki moja. Ganzi ya usiku ilichukua kama miezi miwili kupungua, na mpaka leo nikikesha na taarifa, vidole vinanikumbusha. Ila msimu uliofuata nilirudi kwenye kitalu kile. Mzee alisimama karibu na mkono wangu muda wote, kama mtu anayesubiri kudaka kitu. Kisu hakikuanguka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kunywa dawa za maumivu na kuendelea. Wewe ukiona ganzi inarudi kila usiku, vitu vinakuponyoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua, usisubiri. Nenda kituo cha afya, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi kama zamani.

Kwa leo fanya jambo moja tu. Kaa unavyokaa siku zote ukiandika, kisha mwombe mtu wa nyumbani akupige picha kwa ubavuni. Itazame shingo yako, vitazame vifundo vyako. Mimi nilipoiona yangu, jioni ileile nilikwenda kutafuta rimu.

Ukiwa na swali, niulize.