Njia za Miguu za Malakisi



Likizo ya Desemba inakaribia, na swali la kila nyumba ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Wengi wetu tumezoea kusafiri kwa sababu ya harusi, msiba au Maulidi ya Lamu. Safari ya kwenda kutembea tu kwa miguu, kuitazama ardhi ya Mwenyezi Mungu na kuzingatia, bado ni ngeni majumbani mwetu, ingawa Qur'ani imetuhimiza jambo hilo mahali pengi. Juma hili twawaletea habari za Malakisi, ambako tulikaa siku sita kwa wakwe zetu, kina mama wanne pamoja na watoto na vijana wetu.

Malakisi ni mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Ni mji wa wakulima wa mahindi, maharage na tumbaku. Wakazi wake ni Wabukusu na Wateso, na huko juu mlimani wako Wasabaoti. Kutoka Mombasa mtu hupanda basi hadi Nairobi, kisha Bungoma, na kutoka Bungoma hupata matatu. Mji hauna hoteli za kitalii, wala hatukuona kibao kinachomwelekeza mgeni pa kutembea. Hilo ndilo lililotufundisha mengi, kwa kuwa ilitubidi kuuliza.

Tulimuuliza mwenyeji wetu, mama wa makamo, ni wapi mwanamke aweza kutembea saa mbili bila ya kusumbuliwa. Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba njia nzuri ni ile wanayopita wanawake kila siku: ya mtoni, ya sokoni na ya mashambani. Penye nyayo za kina mama na watoto wa shule, akasema, mgeni yu salama. Penye njia wasiyoipita, na yeye asiipite. Kanuni hiyo tuliishika siku zote sita, na haikutuangusha.

Njia ya kwanza tuliyoonyeshwa ni ile ifuatayo Mto Malakisi. Mto huu watoka Mlima Elgon, hukutana na Mto Malaba, ukaingia Mpologoma na kisha Ziwa Kyoga huko Uganda, na maji yake hatimaye hufika Nili. Watoto wetu walistaajabu kuambiwa kuwa maji wanayoyachezea huenda yakapita Khartoum na Cairo. Asubuhi hewa ni ya baridi, umande umejaa majanini, na mlima waonekana wazi kabla mawingu hayajaufunika.

Hapo pana jambo lililotugusa. Mombasa sisi huelekea kaskazini moja kwa moja tunaposali. Malakisi kibla huinama kidogo kuelekea mashariki ya kaskazini, na mlima nao umekaa upande huo huo. Basi tuliposimama kusali Dhuhuri na Alasiri, tukizipunguza na kuzikusanya kwa ruhusa ya msafiri, mlima ulikuwa mbele yetu. Hakuna aliyehitaji kutuhimiza tuwe na khushui.

Watu wa pwani si wageni kabisa katika nchi hizi. Misafara ya zamani ilikuja kwa miguu hadi Mumias, makao ya Nabongo Mumia, na kwa njia hiyo Uislamu ukashika mizizi hapo na kuenea magharibi ya Kenya. Mwaka 1883 wapagazi kutoka Unguja walifika Mlima Elgon pamoja na Mskoti Joseph Thomson, wakayaona mapango ambamo watu walikaa pamoja na ng'ombe wao. Wazee hao walikuja kwa jasho na mizigo kichwani. Sisi tulikuja kwa basi, tukiwa na tende mfukoni.

Na mizigo bado iko. Katika njia ile ya mto tuliyoifanya ya burudani, tulikutana na wanawake wenye mitungi ya maji na kuni kichwani. Matembezi yetu ni kazi yao. Mmoja wetu, ambaye ana sukari na ameamriwa na daktari kutembea kila siku, alituambia jioni ile kuwa miaka miwili amekuwa akiogopa kutembea mtaani kwao, kwa kuona haya ya macho ya watu. Hapa aliona wanawake wazee kuliko yeye, wamejifunga vitambaa vichwani, wakitembea kwa heshima zao zote, wala hakuna awashangaaye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba haya yake imemgharimu afya, na kwamba wenzake hawa wangefurahi kupata siku moja ya kupumzika miguu.

Kwa hiyo tulijiwekea adabu. Tulianza sisi kusalimu. Salamu ya Wabukusu ni "Mulembe", maana yake amani, na masikio yetu yaliisikia kama salamu yetu wenyewe. Hatukumpiga mtu picha bila ya idhini. Ndizi na njugu tulinunua njiani, kwa wenye mashamba. Vijana wetu wa kiume walipomkuta bibi mwenye mtungi walimpokea hadi kwake.

Adabu nyingine ni kuijua ardhi unayoikanyaga. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome ya Chetambe, juu ya vilima vilivyo karibu na Webuye. Vilima hivyo vyapandika, na chini yake Mto Nzoia huporomoka katika maporomoko ya Nabuyole. Ni safari ya siku moja kutoka Malakisi. Hapo Malakisi penyewe, Februari 1948, polisi wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, harakati ya Elijah Masinde, na watu 11 wakafa. Nao mlima, kati ya mwaka 2006 na 2008, ulikuwa na vita vya ardhi vilivyoacha wajane na mayatima. Mgeni asiwahoji watu juu ya misiba yao. Wakitaka kusimulia, asikilize.

Wenye nguvu zaidi waweza kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyoanzishwa mwaka 1968. Lango lake kuu la Chorlim hufikiwa kupitia Kitale na Endebess. Kilele cha Koitobos, upande wa Kenya, kina mita 4,222, nacho chahitaji mtu wa kukuongoza, mavazi ya baridi na mwili uliozoea. Sisi watu wa usawa wa bahari hukatika pumzi upesi. Pango mashuhuri ni Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Lakini wajue wazazi kwamba watu wawili waliougua homa ya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamezuru pango hilo, na popo ndio hubeba virusi vyake. Sisi tuliamua kutoingia mapangoni na watoto.

Kwa atakayekwenda, twausia machache. Chagueni Desemba hadi Februari, msimu wetu wa kaskazi, kwani huko ndipo mvua hupungua. Tokeni baada ya Alfajiri, mrudi kabla ya Adhuhuri. Vaeni raba, suruali pana chini ya baibui, na baibui lisiloburura chini. Bebeni maji na kitu kitamu kwa mwenye sukari, isije ikamshuka njiani. Upande wa Lwakhakha mto ndio mpaka, basi msivuke bila ya hati. Kwa chakula, nyama ulizeni imechinjwa na nani. Penye shaka, ugali wa wimbi, samaki na mboga ya kunde vyatosha na kuzidi.

Tangu turudi, kina mama sita wa mtaani petu hutembea ufukweni kila Jumamosi na Jumatano baada ya Alfajiri, na yule mwenzetu mwenye sukari ndiye atugongeaye milango. Macho ya watu yalikuwako juma la kwanza; juma la tatu tulikuwa tumezoeleka. Mabinti wawili sasa wameomba kufuatana na mama zao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wenyeji wetu wa Malakisi, awape wepesi wabebao mizigo, na atujaalie afya ya kumwabudu kwayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.